Gauni la dada, shati la kaka

Kipushi, mji wa machimbo ulio mpakani na Zambia, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Hapa, kitenge kilichobaki baada ya kushona gauni la mtoto kinaweza kutoa shati la ndugu yake wa kimo kilekile, kwa patroni ileile.

Fundi hupima kifua, mabega na urefu, kisha huikunja patroni usawa wa nyonga: sketi yote iliyo chini ya hapo huachwa. Ubavu uliobanwa kiunoni hunyooshwa. Mgongo uliokuwa na zipu hukatwa kwenye mkunjo, uwe kipande kimoja. Mbele hugawanywa katikati, na kila upande huongezwa sentimita 4 za kukunjia na kushonea vifungo.

Mabega hayaguswi.

Mzazi, jaribu kwanza kwenye shuka kuukuu kabla mkasi haujafika kwenye kitenge.