Nishani Isiyo na Jina: Kumbukumbu za Vita, Makumbusho na Ushahidi wa Kiswahili



Nyota ya Burma ni nishani ya Uingereza yenye pembe sita, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa ajili ya waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Miongoni mwa waliostahiki kuipata ni askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, walioteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Mto Chindwin. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida zilipigwa chapa ukingoni, zikabeba namba na jina la mwenyewe. Nyota ya Burma, kama ilivyotolewa na serikali ya Uingereza, haikuandikwa jina la mtu. Ikitoka mikononi mwa waliomjua aliyeivaa, hubaki kipande cha madini kinachofanana na maelfu ya vingine.

Hapo ndipo linapozuka suala la mhadhara huu. Familia inapokabidhi nishani, barua au kofia ya babu kwa makumbusho ya vita, ni kitu gani hasa kinachokabidhiwa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kifaa na kauli inayokifuata ni amana moja, na kwamba katika Afrika ya Mashariki sehemu kubwa ya kauli hiyo imo katika Kiswahili.

Neno kama ushahidi

Askari wa Kiingereza walitoka katika makabila mengi, wakaunganishwa na Kiswahili cha kambini. Jina la jeshi lenyewe, K.A.R., likatamkwa Keya. Katika jeshi la Wajerumani vilitumika vyeo vya ombasha na shaushi, vyenye asili ya Kituruki na vilivyopitia Misri na Sudani. Na neno afande, la ukoo huohuo, lingali hai majeshini hadi leo.

Basi mjukuu akisema, "Babu alikuwa ombasha," ametoa dokezo la jeshi na la zama, linalopaswa kulinganishwa na ushahidi mwingine. Mpokeaji akiandika "koplo", ametafsiri cheo kwa usahihi, lakini amelifuta dokezo. Aidha, akiyafasiri masimulizi yote kwa Kiingereza na kuyatupa ya asili, hasara hiyo haifidiki.

Fasihi nayo haiwezi kuliziba pengo hilo peke yake. Shaaban Robert aliacha utenzi mrefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967. Lakini mshairi huyo alikuwa karani, si askari. Aliyevuka Chindwin alisimulia nyumbani, na huko ndiko simulizi lake liliko, kama halijazikwa naye.

Makabidhiano

Kwa desturi, makumbusho hupokea kifaa kwa hati, hukiandika daftarini na kukipa namba. Hati ya zawadi huhamisha umiliki. Familia isiyo tayari kuachana na kifaa afadhali ikiazimishe. Hali kadhalika, ifahamu kuwa si kila kilichopokelewa huonyeshwa hadharani. Nishani isisuguliwe ili ing'ae, barua iliyochanika isibandikwe gundi, na risasi au bomu lisibebwe kamwe: waitwe polisi.

Lakini kabla ya yote hayo, mzee wa familia aketishwe, arekodiwe kwa maneno yake mwenyewe, na kauli hiyo ipewe namba ileile ya kifaa. Zipo familia zinazosita, kwa kuwa babu alipigania bendera ya mtawala. Kusita huko nako ni sehemu ya historia, na kunastahili kuandikwa bila kupambwa.

Wasio na nishani

Limebaki kundi kubwa kuliko yote. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi waliochukuliwa na upande wa Waingereza wanakadiriwa kufikia milioni moja. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Wengi wa wapagazi hao hawakupata nishani, na vizazi vyao havina cha kufungua kabatini.

Makumbusho yanayopokea vifaa tu yatawakumbuka waliopewa vifaa. Yakikubali kwamba kauli nayo ni zawadi kamili, yenye hati na namba yake, mjukuu wa mpagazi ataingia mlangoni mikono mitupu na bado atakuwa ameleta kitu. Huo ndio wajibu wa taaluma ya Kiswahili katika jambo hili: kukaa mlangoni hapo, kusikiliza, na kuandika neno kama lilivyotamkwa.