Betri Ndogo Ndani ya Sanduku Kubwa: Mada kwa Mafundi wa Pikipiki wa Kakontwe



Dereva wa taksi-moto aliyefiwa na betri ya ampea 7 mara nyingi huja na ya ampea 5, kwa sababu ndiyo aliyoimudu. Sina ugomvi naye. Volti ni zilezile 12. Taa zitawaka, honi italia, na stata ikichoka, kiki ipo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoipachika kwa kitambaa pembeni na kipande cha mpira juu, kisha tunamwambia aende.

Tazameni vipimo. Betri kubwa, ya 12N7, ina urefu wa milimita 135, upana 75, kimo 133. Ndogo, ya YTX5L, ina 114 kwa 71 kwa 106. Upana hauna shida. Urefu unabakiza milimita 21, kimo kinabakiza 27, na hizo 27 ndizo hatari: mkanda wa kiwandani haukazi tena, betri inaruka kwenye kila shimo, na barabara inayopitwa na malori ya mawe ya chokaa haina uhaba wa mashimo. (Wanajiolojia wameyaita mawe hayo kwa jina la Kakontwe yetu, barabara hawakututengenezea.) Mtikisiko unapukutisha sahani za risasi, seli inakufa, halafu lawama ni za fundi.

Wengi hukimbilia kutengeneza mkanda mpya mfupi. Mimi nasema inueni betri, mkanda wa zamani utaifikia wenyewe.

Kiinuzi kinatengenezwa hivi: chukueni bati la chuma la milimita 2. Kingo zake mbili ndefu zikunjwe chini ziwe miguu, uso wa juu ubaki na upana wa milimita 70. Kimo chote kiwe 24. Raba ya milimita 3 juu yake inakamilisha 27. Mwisho mmoja wa bati ukunjwe juu kiasi cha milimita 60, uizuie betri isiteleze kwenye ule upenyo wa 21. Kwenye mkunjo huo bolti moja ya milimita 6 yenye kichwa bapa ipenye hadi ukuta wa sanduku la betri, nati ikae nje, na raba ifunike kichwa chake. Pigeni tupa kingo zote, kisha rangi, maana tindikali hula chuma kitupu.

Kazi ya kukunja na kutoboa ifanyike mezani, mbali na pikipiki. Betri ikitolewa, waya hasi utangulie. Ikirudishwa, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, utaona cheche.

Mwisho, washeni injini mpime kwenye ncha za betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikizidi 15, tatizo ni regyuleta, na betri ndogo itachemka upesi kuliko kubwa. Siku mteja akipata pesa za ampea 7, fungueni ile nati moja tu, kiinuzi kitoke.