WANGA NA UJI WA MTOTO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wanga ndio tunaoula hapa Singida asubuhi na jioni: ugali wa uwele, wa mtama, wa mahindi, na viazi. Basi ni nini huo? Ni sukari ndogo ndogo zilizoshikana kama shanga kwenye uzi. Mate na maji ya utumbo huukata uzi, sukari ikaingia katika damu. Nguvu ya kushika jembe inatoka hapo, na ubongo nao hula hiyo hiyo. Inayobaki huwekwa akiba katika ini na misuli, ikizidi inageuka mafuta. Asali na miwa ni shanga moja moja au mbili tu, ndiyo maana ni tamu. Majani makavu nayo ni shanga, ila zimefungwa namna nyingine: ng'ombe anaziweza, sisi hatuziwezi.

Sasa mtoto. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Uji ukiwa mzito mtoto haumezi, mama anaongeza maji, na tumbo lile dogo linajaa maji. Tunasema amekula, kumbe anakonda!

Dawa ni kimea, kile kile cha pombe. Nafaka ikichipua hutoa kitu kinachoukata uzi wa wanga. Watafiti Mosha na Svanberg waliandika habari hii mwaka 1983, kisha wakaijaribu kwa watoto wa kijiji cha Luganga.

Loweka uwele usiku kucha, ufunike kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka uchipue. Anika, fikicha uondoe machipukizi na mizizi, saga. Mtama usiutumie kwa kazi hii, machipukizi yake yana sumu. Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo (ukiwa wa moto mno kimea hakifanyi kazi), tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika 10 utaona umelainika wenyewe, na unga ni ule ule! Urudishe motoni uchemke.

Tieni na karanga au kunde zilizosagwa, maana wanga peke yake haujengi mwili. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Mama mmoja kauliza kama mtoto atalewa. Hapana. Pombe inataka kuchachuka siku kadhaa, na uji huu unanyweka saa ile ile.