Kiboko na Uthabiti wa Moyo wa Mwanafunzi

Ndugu Walimu wa Kilosa na Mikumi,

Wapo kati yetu wasemao kwamba kiboko humkomaza mtoto. Mimi nasema humfunza kunyamaza. Na aliyezoea kunyamaza hatatuambia hata akipatwa na jambo kubwa.

Kanuni za mwaka 2002, zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zatubana: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Je, Ndugu, kitabu hicho kipo shuleni kwako? Oktoba 2016 taifa zima lilishuhudia wanafunzi wa ualimu wakimpiga ngumi na mateke kijana wa Mbeya Day. Hayo hayamo katika kanuni yoyote.

Hapa kwetu Mto Mkondoa ukifurika, kama ulivyofurika mwanzoni mwa 2010, mtoto huchelewa akiwa amelowa chapachapa. Amwulizaye kwanza, "Umepitia wapi leo?" ndiye amjengaye moyo.

Najua, darasa lililofurika watoto halimpi mwalimu nafasi ya kuuliza. Jambo hilo ni la kupelekwa Halmashauri, nami nitalitia sahihi pamoja nanyi.