Bei Isiwe Siri Kati Yetu



Kwa miaka 10 kila mmoja wetu anajua akiba ya mwenzake hadi shilingi ya mwisho. Lakini bei ya sokoni tunafichana, na hapo ndipo tunapoumia. Mwaka wetu wa pili nilichukua mkopo wa kikundi, nikapeleka magunia 4 ya dagaa sokoni. Nikakuta dagaa wamejaa, nikauza kwa hasara. Kumbe siku hiyohiyo, mwenzetu mmoja alikuwa soko la pili, na wanunuzi wanagombania! Marejesho yakanishinda, wadhamini wangu wakanilipia.

Si sisi tu. Kule Kerala, India, wavuvi walikuwa wakimwaga samaki pwani moja, na pwani ya jirani hawapatikani. Simu za mkononi zilipoingia kuanzia 1997, wakawa wanauliza bei wakiwa bado baharini. Utafiti wa Robert Jensen wa mwaka 2007 ulionyesha faida yao ilipanda kama asilimia 8, na mlaji naye akashushiwa bei kama asilimia 4.

Jamani, simu tunazo. Ombi langu ni moja: kila mkutano, kabla ya kuhesabu hisa, tutajiane bei. Asiyejua bei hupangiwa na dalali.