Pigo la Samaki na Mkono wa Mvuvi: Jinsi Samaki Wawindaji Wanavyoshambulia Chambo Bandia na Mafunzo kwa Wavuvi wa Mshipi

Mada kwa semina ya manahodha, mabaharia na maofisa ugani wa uvuvi wa pwani

1. Utangulizi



Waandaaji wameniomba nizungumzie vipengele vinne: maana ya istilahi, namna samaki anavyokitambua chambo, namna anavyokipiga, na mapendekezo. Nitavigusa vyote. Lakini nawaomba mnivumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi: samaki anayepiga chambo kisha akaenda zake. Huyu haonekani sokoni wala kwenye taarifa zetu, ila kila aliyewahi kurambaza anamjua.

2. Maana ya istilahi

Samaki mwindaji ni yule anayekula samaki wengine, ngisi au viumbe wengine wanaokwenda. Kwetu pwani ni nguru, jodari, kolekole, felusi, mzia, sulisuli, nduaro na chewa. Ziwa Victoria ni sangara. Chambo bandia ni kile kilichotengenezwa kwa mti, plastiki, chuma au manyoya ili kifanane na windo. Kurambaza ni kuburura chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Haya mnayajua, naendelea.

3. Namna samaki anavyokitambua chambo

Tuanze na macho. Katika maji safi kama ya Mkondo wa Pemba, mwanga wa buluu ndio unaozama mbali, na mwekundu hupotea katika mita chache za mwanzo. Chambo chekundu kikifika kina cha mita 20 hakina wekundu tena, kinaonekana cheusi au kijivu. Samaki aliye chini huiona mbingu kupitia duara la mwanga lililo juu yake, na chambo kinachopita hapo anakiona kama kivuli chenye umbo, ukubwa na mwendo. Ndiyo maana alfajiri na jioni chambo cheusi au cha zambarau hupigwa vizuri, ijapokuwa machoni petu hakipendezi. Fedha nyingi zinazotumika kununua rangi kumi za chambo kilekile zingefaa zaidi kununua ndoano kali.

Macho haya si ya kudharauliwa. Samaki upanga ana kiungo kinachopasha moto macho na ubongo wake, nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya maji yaliyomzunguka, ili aweze kufuata windo linalokwenda kasi katika baridi ya kilindini.

Hisia ya pili ni mstari wa pembeni, unaotoka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Humo mna vihisio vinavyopokea msukumo wa maji. Hufanya kazi karibu sana, kwa umbali usiozidi sana urefu wa mwili wa samaki mara moja au mbili, lakini ndio unaomsaidia kukipata chambo katika maji yenye tope au gizani. Sauti nayo husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mlio wa injini unaopanda na kushuka ghafla hufika kwa samaki kabla ya chambo.

Zaidi ya yote, samaki huamshwa na mabadiliko. Nahodha mzoefu anapozungusha boti polepole, chambo cha upande wa nje huongeza kasi na cha ndani hupunguza na kuzama kidogo. Mara nyingi pigo huja hapo hapo kwenye kona. Samaki aliyekuwa akifuata nyuma bila kuamua ameona windo linalokimbia, au windo linalochoka.

4. Mapigo manne

Si kila samaki hupiga kwa namna moja, na hapa ndipo mafunzo yetu mengi yanapokosea kwa kusema "samaki akipiga, vuta".

(a) Kunyonya. Chewa na sangara hufungua mdomo na kupanua koo kwa ghafla, na maji huingia kwa nguvu pamoja na chochote kilicho mbele. Kisha mashavu hufunguka na maji hutoka nyuma. Yote haya huisha katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na nguvu ya mnyonyo haifiki mbali kuliko takriban upana wa mdomo wenyewe. Chambo kikiwa kimekazwa na mshipi wakati huo, hakiingii mdomoni. Na akigundua kuwa si chakula, hukitema upesi vilevile.

(b) Kufukuza na kumeza. Jodari, kolekole na felusi huja kwa kasi mdomo wazi, mara nyingi kutoka chini na nyuma, kisha hugeuka kurudi kilindini. Ndoano hukaa anapogeuka, si anapogusa.

(c) Kukata. Nguru na mzia wana meno ya kukata. Aghalabu humkata samaki mkia asikimbie, kisha hurudi kumaliza. Ndiyo maana tunavuta vibua vya chambo vilivyobaki vichwa, na ndiyo maana waya na ndoano ya mkiani ni lazima.

(d) Kuchapa. Sulisuli ana upanga. Utafiti uliofanywa katika bahari ya Mexico na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba huuingiza upanga ndani ya kundi la dagaa bila wao kushtuka, kisha huchapa kulia na kushoto, au humgonga mmoja tu, na anayeumia ndiye anayeliwa. Mnaposikia watu wakisema kuwa samaki huyu hukimbia kilomita 110 kwa saa, msiwaamini. Vipimo vilivyofanywa alipokuwa akiwinda vilionyesha takriban 30. Uwezo wake uko katika upanga. Pigo la kwanza la sulisuli juu ya chambo chenu kwa kawaida ni la kuumiza, halijawa la kula.

5. Tatizo kubwa: pigo lisilonasa

5.1 Mkono unaotangulia uzito

Mtazameni mvuvi anayerusha chambo kinachoelea kando ya mwamba kuwinda kolekole. Maji yanalipuka, na mkono unavuta papo hapo. Chambo kinaruka hewani kitupu. Kilichotokea ni kwamba kolekole anapokuja kwa kasi husukuma maji mbele yake, na maji hayo hukisogeza chambo chepesi kabla ya mdomo kukifikia. Mlipuko tulioona ni wa maji, si wa mdomo uliofunga. Chambo kikiachwa pale pale, au kikiendelea kwa mwendo uleule, samaki hugeuka na kupiga tena. Kikinyakuliwa, windo limetoweka na samaki hana sababu ya kukaa.

Kanuni ninayoifundisha ni moja: mkono ujibu uzito, usijibu mlipuko. Mpaka mshipi uwe mzito, mkono utulie. Nimeisema kanuni hii kwenye fukwe, kwenye madarasa na kwenye vikao vya ofisi, na bado vijana wetu wanafundishwa kuvuta kwa macho.

5.2 Boti inayosimama

Kwenye kurambaza, boti inayokwenda maili 6 hadi 8 za bahari kwa saa ndiyo inayokaza ndoano. Lakini samaki akipiga, baharia anapiga kelele na nahodha anazima injini. Mshipi unalegea wakati samaki anageuka, na ndoano inatoka kwenye tundu lilelile ililoingilia. Boti iendelee kwa mwendo uleule sekunde chache, kisha ipunguze taratibu. Faida ya pili ni kwamba jodari na felusi hutembea makundi, na chambo cha jirani nacho hupigwa.

Upande wa pili kuna breki ya rili iliyokazwa mno. Kanuni ya kawaida ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, nayo ipimwe kwa mizani ya mkono, si kwa kukisia. Mwenye mshipi wa mkono afunge ukanda wa mpira kati ya mshipi na chombo upokee mshtuko wa kwanza.

5.3 Dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa

Mvuvi anayekosa samaki huongeza ndoano. Chambo kilichotengenezwa kwa ndoano mbili za meno matatu kinafungwa ya tatu na ya nne. Mwendo wake unaharibika, kinaanza kulala ubavu, na samaki wanapungua badala ya kuongezeka. Wale wachache wanaonasa hunasa machoni na kwenye mashavu.

Kwa samaki wa kuuza mtasema haidhuru. Lakini Watamu, Malindi, Shimoni na sehemu nyingine za pwani yetu kuna biashara ya uvuvi wa michezo ambayo sulisuli na nduaro huwekwa alama na kurudishwa baharini. Samaki anayerudishwa huku anavuja damu mashavuni amerudishwa kufa. Tena nchi zetu ni wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo azimio lake la mwaka 2018 linakataza kubaki na nduaro au sulisuli aliye chini ya sentimita 60, kuanzia taya la chini hadi panda ya mkia. Agizo la kurudisha lina maana pale tu samaki anaporudi akiwa mzima.

Dawa inajulikana. Kwa chambo cha samaki halisi, ndoano ya duara huteleza ndani ya mdomo na kushika pembeni mwa taya, mradi mvuvi asivute kwa nguvu bali akaze mshipi taratibu. Marekani imelazimisha ndoano hizo kwenye mashindano ya samaki hawa katika Atlantiki tangu mwaka 2008, pale chambo halisi kinapotumika. Sisi bado tunasubiri mwongozo.

5.4 Fomu isiyo na safu

Hapa naomba niseme kwa heshima zote, bila kuilaumu idara yoyote. Fomu za takwimu zinazojazwa kwenye madiko yetu zina safu ya aina ya samaki, ya kilo na ya bei. Hazina safu ya samaki aliyepiga akaondoka. Nimependekeza safu hiyo iongezwe zaidi ya mara moja, na jibu limekuwa kwamba taarifa isiyo na kilo si taarifa. Naelewa mipaka ya bajeti na ya watumishi. Lakini tusichokiandika hatuwezi kukirekebisha. Tunapima boti, tunapima injini, tunapima barafu, na kosa linalofanyika urefu wa mkono mmoja kutoka kwa mvuvi halipimwi.

Na ushahidi upo mkononi. Kichukueni chambo baada ya pigo tupu mkisome. Mikwaruzo ya meno iliyopangana nyuma ya ndoano ya mwisho ni nguru. Ndoano isogezwe nyuma. Rangi iliyochubuka kichwani ni samaki aliyekuja kutoka mbele au ubavuni. Waya au mshipi wa mbele uliokwaruzika kwa urefu wa shubiri, huku chambo kikiwa salama, ni upanga wa sulisuli, alichapa, hakula. Chambo kisicho na alama yoyote baada ya mlipuko mkubwa maana yake kilinyakuliwa mapema. Usomaji huu hauhitaji maabara.

6. Mapendekezo

Kwa wavuvi na mabaharia:
1. Mkono ujibu uzito, usijibu mlipuko.
2. Pigo tupu likitokea, chambo kiendelee na mwendo wake, msikiondoe majini.
3. Kila chambo kisomwe baada ya pigo tupu.
4. Ndoano zinolewe kabla ya safari na baada ya kila samaki.
5. Msiongeze ndoano kwenye chambo. Isogezeni iliyopo mahali panapopigwa.

Kwa manahodha:
6. Injini isizimwe pigo linapotokea. Mwendo upunguzwe taratibu.
7. Kona za polepole ziwe sehemu ya kurambaza, hasa samaki wanapofuata bila kupiga.
8. Breki za rili zipimwe kwa mizani kabla ya kung'oa nanga.
9. Ndoano za duara zitumike kila chambo halisi kinapotumika kwa sulisuli na nduaro.

Kwa idara, vyuo na wafadhili:
10. Safu ya mapigo yasiyonasa iongezwe kwenye fomu za takwimu, hata kwa majaribio katika diko moja.
11. Mafunzo ya ugani yafundishe mapigo manne, kila pigo na jibu lake.
12. Wanaogawa vifaa wawashirikishe wavuvi kuchagua ndoano na vyambo kabla ya kununua.
13. Mwongozo wa ndoano za duara utolewe bila kuchelewa zaidi.
14. Safu ya mapigo yasiyonasa iongezwe. Narudia kwa makusudi.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, samaki mwindaji hupiga kwa namna yake, na kila namna ina jibu lake. Chewa ataka mshipi usiokazwa mno, jodari ataka boti isiyosimama, nguru ataka ndoano ya mkiani, sulisuli ataka subira. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji boti mpya. Ombi langu kwa semina hii ni maazimio mawili tu: kila nahodha aliyepo hapa aanze safari ijayo na daftari la mapigo yasiyonasa, na idara itoe jibu la maandishi kuhusu safu hiyo kabla ya msimu ujao wa kaskazi.