Ala Ngeni na Toni za Lugha

Mara nyingi hudaiwa kwamba muziki wa jadi ukichanganywa na ala za umeme hupoteza asili yake. Kazi za Hukwe Zawose (aliyefariki 2003), Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, zinalipinga dai hilo. Mwaka 2002 ilitoka albamu yake ya Assembly, aliyoishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwanawe Msafiri aliendeleza njia hiyo katika Uhamiaji (2017), akiiweka ilimba pamoja na mitambo ya kielektroniki. Ilimba haifuati mizani ya piano. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: nani amfuate mwenziwe?

Swali hilo lina uzito pia Ndalambo, wilayani Momba, kwa Wanyamwanga. Tofauti na Kiswahili, Kinyamwanga ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Kijana akiyalazimisha maneno ya wazee yafuate tuni ya kinanda, huenda maana ikapotea ingawa kila neno limetamkwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ala ngeni na zikaribishwe, ila zijifunze kwanza lugha ya wenyeji.